Jibu: Nilimsomesha mume udaktari bingwa, sasa anataka tuachane

Pole sana, dada yangu. Miaka minne ya ada na kodi ya nyumba kutoka duka lako si kitu kidogo, na usikubali shemeji wakuambie eti "ulijitolea tu."

Kesi ya Marekani unayosema ulitajiwa ipo kweli: New York, 1985, O'Brien dhidi ya O'Brien. Mahakama ilihesabu leseni ya daktari kuwa mali ya ndoa, yaani ya kugawanywa wakati wa talaka. Lakini New York yenyewe iliuondoa msimamo huo kwa sheria ya 2015, kwa hiyo usiitegemee hapa Tanzania.

Shika Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 114 kinagawa mali mlizochuma pamoja, na mchango wa fedha unahesabiwa. Hata kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Vifungu vya 115 na 116 vinaruhusu mahakama kuamuru mume atoe matunzo hata baada ya talaka kukiwa na sababu maalumu, ikitazama kipato chake na mahitaji yako. Hapo ndipo mshahara wa daktari bingwa, pamoja na zamu za hospitali binafsi ambazo wengine huzificha, unapoingia.

Anza na Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata. Bila hati yake kwamba usuluhishi umeshindikana, shauri la talaka kwa kawaida halipokelewi. Leo hii tafuta risiti za ada na taarifa za benki, uzihifadhi nje ya nyumba.