Bima ya makato madogo kwa anayetarajia kujifungua

Dada, umeuliza kama uchague ile bima ya kazini ya makato madogo kila mwezi, ambayo unalipa mwenyewe maelfu ya dola kabla haijaanza kulipa, pamoja na akaunti ya akiba ya afya (HSA), yaani akaunti ya kuweka pesa za matibabu. Kwa kuwa utajifungua mwakani, angalia kwanza kiwango cha juu unachoweza kulipa mfukoni kwa mwaka, maana bili za kujifungua Marekani ni kubwa mno. Jumlisha na makato ya miezi 12, toa mchango wa mwajiri kwenye akaunti hiyo, ndipo ulinganishe na bima nyingine unayoweza kuchagua.

Akaunti yenyewe naipenda: kwa 2026 familia inaruhusiwa kuweka hadi dola 8,750 bila kodi ya mapato ya serikali kuu, salio halipotei mwaka ukiisha, na ukiacha kazi ni lako. Ila ukitumia pesa hizo nje ya matibabu kabla ya miaka 65, utatozwa kodi na adhabu ya asilimia 20.

Tafadhali usikwepe kliniki kwa hofu ya bili. Huduma za kinga, chanjo zikiwemo, kwa kawaida hulipiwa tangu siku ya kwanza kwa watoa huduma walio kwenye mtandao wa bima yako, yaani hospitali na madaktari wenye mkataba nayo.