Liemba haikuwa meli ya watalii
Umeuliza kama Liemba, meli kongwe ya Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, ilijengwa kwa ajili ya watalii. Hapana ndugu, ilijengwa kubeba abiria na mizigo, kisha ikaingizwa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar kwa meli na Kigoma kwa reli. Ikaitwa Graf von Goetzen, ikafungwa mizinga. 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe, ila kwanza mafundi waliipaka injini grisi nzito isiliwe na kutu (akili hiyo!). Waingereza wakaiopoa 1924, ikaanza safari 1927 kwa jina la Liemba. Mvuke ulipisha dizeli miaka ya 1970. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na vyumba vya kulala. Utamu wenyewe ulikuwa vijijini kusiko na gati: mitumbwi ilisogea ubavuni, watu wakadandia na mizigo yao, kelele tupu.