Usimwachie fundi kaseti za mzee wako

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema marehemu mzee ameacha kaseti 60 za rock na pop za miaka ya 70 na 80, kuna fundi ameahidi kuzitia kwenye flashi kwa siku tatu, na atakupunguzia bei ukimwachia kaseti zenyewe. Halafu unatuuliza uanze na nyimbo gani kwenye kundi lako la wapenzi wa muziki na ununue spika gani. Spika! Nyumba inaungua, wewe unachagua mapazia.

Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka 2008. Kaka yangu aliacha kaseti 40 za dakika 90, alizorekodi Tanga kati ya 1979 na 1987, nyingine redioni, nyingine kwenye santuri za kuazima. Kila baada ya nyimbo mbili tatu alijifanya mtangazaji, akisalimia majirani kwa majina.

Fundi wangu, Kariakoo, alinambia kaseti ni uchafu, zinakula vumbi tu. Bei shilingi 2,000 kila moja, lakini nikimwachia zote nalipa 50,000 badala ya 80,000. Nikajiona mjanja wa mjini. Nikampelekea Ijumaa saa 12 jioni, Jumapili saa 4 asubuhi flashi ikawa tayari.

Sasa piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Kwa redio kaseti ya kawaida, dakika 90 zinanakiliwa kwa dakika 90. Kaseti 40 ni saa 60. Jamaa alikuwa na saa 40 na redio moja, hata tuseme hakulala wala hakwenda chooni. Hakunakili kaseti hata moja! Alisoma majina ya nyimbo kwenye makaratasi ya kaka (kumbe mwandiko mzuri nao ni balaa), akazishusha mtandaoni, kazi kwisha.

Nilikuja kujua mbele za watu. Tulikutana wapenzi tisa wa rock ya zamani, kila mmoja alete wimbo wake na kisa chake. Nikasimama na Hotel California ya Eagles, nikahutubia kabisa: hii kaka aliirekodi 1983. Nikabonyeza. Gitaa kavu taratibu, ngoma za mkono, watu wanashangilia. Mzee mmoja akavua miwani: "Kijana, hii ni ile ya 1994, waliporudiana. Kaka yako alikuwa nabii?" Ile ya asili ni ya albamu ya Desemba 1976, ya studio, haina makofi, na 1980 kundi lilishasambaratika. Mpaka leo naitwa Mdogo wa Nabii. Nimezoea, hata shemeji yenu huniita hivyo akikasirika.

Nikamrudia fundi. Kaseti? Zimefutwa, zimerekodiwa kwaya, zimeuzwa. Sina ugomvi na kwaya. Nina ugomvi na mtu anayekutazama usoni akihesabu pesa yako, na yule rafiki aliyenipeleka akisema jamaa mwaminifu, kumbe ana chake kwa kila kichwa anachokileta. Mungu anawaona wote wawili.

Imebaki moja tu, nje ya zile 40, kwa sababu ilikuwa imenasa kwenye redio ya gari. Upande wa pili, katikati ya Billie Jean, kaka anasikika akimfokea mtu afunge mlango, anarekodi. Aliyefokewa ni mimi.

Kwa hiyo kaseti haitoki nyumbani kwako, basi. Tafuta redio kaseti nzima, safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti. Kila kaseti vunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni isije ikafutika kwa bahati mbaya. Chomeka waya kutoka tundu la hedifoni hadi kompyuta, tumia Audacity, programu ya kurekodi sauti, ni ya bure. Hifadhi WAV kwanza, faili lenye sauti kamili, MP3 zilizobanwa za kurushia watu baadaye. Kaseti moja kila usiku, miezi miwili umemaliza.

Wimbo wa kuanzia, weka Bohemian Rhapsody ya Queen ya 1975, mwimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa Zanzibar, wenzako watachangamka. Lakini iwe ya dakika 5 na sekunde 55. Ikikatika kabla ya ile sehemu ya opera, ujue umepewa ya jukwaani.

Na hujasema kama kaseti bado ziko kwako. Kama umeshampelekea, acha kusoma, kazifuate leo kabla hajafunga duka.