Mtoto amefeli mtihani wa lazima Texas: umuulize nini mshauri wa shule

Dada, usiogope, kijana wako kufeli Baiolojia na Kiingereza II akiwa darasa la 11 hakujamfungia mlango. Texas inadai mitihani mitano ya STAAR, yaani mitihani ya jimbo, ili ahitimu: Aljebra I, Baiolojia, Historia ya Marekani, Kiingereza I na II. Aliyofeli atarudia, hurudiwa Desemba, masika na kiangazi.

Omba miadi na mshauri sasa hivi, usingoje ya mwisho wa mwaka. Mwambie akufungulie matokeo ya kila mtihani uone alipopungukiwa, kisha uliza tarehe ya kurudia na masomo ya ziada. Halafu mtajie IGC (Individual Graduation Committee). Hiyo ni kamati ya shule, na mzazi huwa ndani yake, inayoweza kumruhusu ahitimu hata akibakiwa na mitihani miwili, mradi masomo yenyewe amefaulu na afanye kazi watakayompa. Lakini lazima wote wakubaliane, kwa hiyo msiitegemee mkaacha kusoma.

Na mkalimani wa Kiswahili ni haki yako, bure. Usimtumie kijana akutafsirie. Hapo utasikia anachotaka yeye usikie 😄