Ukimwitia Ndugu Yako Polisi, Simu Yako Ndiyo Itakayoshtakiwa

Juzi msomaji mmoja wa Githurai aliniandikia usiku. Wajomba zake wawili wanagombania kodi ya ploti ya nyanya yake, na mmoja ameanza kuja na panga. Anaogopa kupiga 999 ya polisi kwa sababu ukoo mzima utamwita msaliti. Aliuliza, "Dada, nipige au ninyamaze?" Nilimjibu apige. Lakini nikajua neno hilo peke yake halitamtosha, kwa sababu kuna yanayokuja baada ya simu ambayo hakuna aliyenitahadharisha mimi.

Mimi nilipiga. Kakangu alikuja nyumbani kwa mama, mtaa wa Umoja, Nairobi, akitaka hati ya nyumba. Mama alikataa. Nilikuwa chumbani na wanangu, nikamsikia akiapa kwamba ataichoma nyumba na aliyemo. Nikasikia kioo cha dirisha kikivunjika, kisha mama akilia. Nilimweleza askari aliyepokea simu hayo matatu tu, nikataja mtaa, nikataja jina langu.

Askari walipofika, kakangu alikuwa ameketi sebuleni anakunywa chai. Mama akawaambia hakuna neno, ni watoto walikuwa wanabishana. Kioo, eti, kilivunjwa na upepo. Askari mmoja akanigeukia mbele ya wanangu, akaniuliza kama najua kwamba kumpa polisi habari za uongo ni kosa. Najua. Ni kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Lakini kifungu hicho kinamhusu mtu anayetoa habari akijua si za kweli. Hakimhusu aliyesikia kilio akaomba msaada, halafu aliyelia akakana.

Wazee walipoketi, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kioo. Waliuliza mbona sikumpigia baba mdogo kwanza. Waliuliza niliwaambia polisi nini. Mke wa kakangu akasimama akasema nilidai mumewe ana bunduki. Bunduki! Neno hilo lilifika hadi kijijini, na kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yao sikualikwa. Mtoto niliyembeba mgongoni. Bado inaniuma, na sitasema haiumi.

Kilichoniokoa ni jambo moja. Asubuhi baada ya ugomvi nilienda kituoni na jirani aliyesikia kila kitu kupitia ukutani. Afisa wa zamu alitaka kuturudisha: mambo ya familia, mkayamalize nyumbani. Sikuondoka hadi maelezo yetu yakaandikwa kwenye kitabu cha matukio, yaani OB, na nikapewa namba ya OB. Kwa hiyo habari ya bunduki ilipotolewa kikaoni, niliwaambia wazee: namba hii hapa, twendeni kituoni sote tukasikie nilichosema. Hakuna aliyeinuka.

Ndiyo maana nasema: sema ulichokiona na ulichokisikia, basi. Najua tamaa ya kutia chumvi inavyokuja. Unawaza kwamba ukisema ni kelele tu, gari halitatoka, kwa hiyo unaongeza kisu ambacho hukukiona. Usiongeze. Siku ile ukoo utakapokugeuka, kila neno lako litachambuliwa kama mchele kwenye ungo, na hilo moja la uongo litafunika yote ya kweli. Kama umesikia tishio, sema umesikia tishio, na uyarudie maneno yenyewe. Kama ni panga umeliona, sema panga. Kisha chukua namba ya OB. Narudia: chukua namba ya OB.

Na afisa akikuambia haya ni ya kifamilia, usiondoke kwa aibu. Tangu 2015 tuna Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, nayo haiwahusu mume na mke peke yao. Inawahusu watu wa familia, na dhuluma kwa mujibu wake si kipigo tu. Vitisho vimo, kuharibu mali kumo. Omba kuonana na dawati la jinsia. Kama kuna jeraha, ulizia fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha, na uende hospitali mapema. Kuna pia namba 1195 ya dhuluma za kijinsia, na 116 ikiwa ni mtoto anayeumia.

Akina mama wenzangu, nanyi niwaambie. Mnapomfunika mwana aliyewavunjia dirisha, mnamwacha wazi aliyejaribu kuwaokoa. Mungu hakutupa watoto ili mmoja awe wa kuogopwa na mwingine awe wa kulaumiwa. Nampenda mamangu, na simu hiyo ningeipiga tena leo.

Sasa wewe wa Githurai. Panga likishatoka, usingoje kikao. Waondoe watoto, funga mlango, piga. Lakini kwa kuwa leo kumetulia, kaa na nyanya kwanza umuulize waziwazi: askari wakija, atasema alichokiona? Akikubali, nendeni wote wawili kituoni kabla mjomba hajarudi, ripoti iandikwe mapema, na muulize jinsi ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Asipokubali, nenda na jirani. Niandikie mkishatoka huko.