Mtoto wa jicho wa kurithi: kosa dogo katika protini za lenzi

SWALI: Babu yangu, mama yangu na mimi sote tulizaliwa na mtoto wa jicho. Mama alikuwa na ukungu mzito uliomlazimu kufanyiwa upasuaji, lakini mimi nina vidoa vidogo vya rangi ya samawati ambavyo havijawahi kunizuia kusoma. Sasa binti yangu mwenye umri wa wiki tano ameonekana na ukungu katika macho yote mawili, na daktari ametuambia kuwa ni jeni ya protini za lenzi. Inawezekanaje kosa katika jeni moja liharibu lenzi, ilhali ninayo nakala nyingine nzima kutoka kwa baba yangu? Kwa nini mimi na mama tuna sura tofauti za ugonjwa mmoja? Na mtoto mwingine nikimpata, naye atakuwa nao? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ukiwahi kupika kichwa cha changu, bila shaka umekutana na ile gololi nyeupe, ngumu, inayotoka ndani ya jicho. Gololi hiyo ni lenzi, na kabla ya kuingia chunguni ilikuwa angavu kama tone la maji. Hakuna kilichoongezwa ndani yake. Protini zake zilezile zimekunjuka kwa joto, zikashikamana mafungu mafungu, na mafungu hayo sasa yanatawanya mwanga badala ya kuupitisha. Mtoto wa jicho ni habari hiyohiyo, ila bila moto.

Takriban theluthi moja ya uzito wa lenzi ya binadamu ni protini, na kama asilimia 90 ya zile zinazoyeyuka ni za kundi linaloitwa kristalini, ambalo lina alfa, beta na gama. Jeni zake zimetawanyika: ya alfa A iko kwenye kromosomu ya 21, ya alfa B kwenye ya 11, nyingi za gama zimepangana kwenye ya 2, na nne za beta ziko kwenye ya 22. Protini hizi zimesongamana mno, lakini kwa kuwa kila moja imekunjwa sawasawa na haimng'ang'anii jirani yake, mwanga hupita. Alfa zina kazi ya ziada, iliyoonyeshwa na Joseph Horwitz mwaka 1992: huzidaka protini nyingine zinazoanza kukunjuka na kuzizuia zisigande.

Sasa nije kwenye nakala nzima uliyopewa na baba yako, maana hapo ndipo swali lako lina uzito. Katika ini au misuli, protini iliyoharibika huvunjwa na nyingine kutengenezwa. Seli za nyuzi za lenzi haziwezi hivyo, kwa sababu zinapokomaa huondoa kiini chao pamoja na viungo vyao vya ndani ili visizuie mwanga. Protini zilizo katikati ya lenzi yako zilitengenezwa kabla hujazaliwa, na ndizo utakazozeeka nazo. (Ukweli huu ndio uliowawezesha wanasayansi, mwaka 2016, kupima kaboni katika kiini cha lenzi za papa wa Greenland na kukadiria kuwa mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka 392, ingawa makadirio hayo yanaweza kupungua au kuzidi kwa miaka 120.) Kwa hiyo nakala ya baba yako inafanya kazi yake ipasavyo, lakini protini mbovu inayotoka kwenye nakala ya mama haiondolewi, inabaki palepale miongoni mwa nzima na kuzichafua. Tatizo si upungufu wa protini nzuri bali uwepo wa mbaya. Ndiyo maana nakala moja yenye kosa inatosha, na ugonjwa hupita kutoka kizazi hadi kizazi bila kuruka, kama ulivyoeleza.

Kinyume chake kipo pia. Kuna badiliko katika jeni ya alfa A linalosimamisha utengenezaji kwenye asidi amino (kijenzi cha protini) ya tisa tu, hivyo hakuna protini ya maana inayotoka. Mwenye nakala moja ya namna hiyo huona vizuri; mtoto huugua akirithi mbili, moja kwa kila mzazi, jambo linalotokea zaidi pale wazazi wanapokuwa binamu.

Kosa lenyewe huwa dogo kuliko watu wanavyodhani. Katika gama D, kubadilishwa kwa asidi amino ya 23 pekee kunaiacha protini ikiwa imekunjika vizuri kabisa, ila haiyeyuki tena kama zamani. Ikibadilika ya 36 badala yake, protini hugeuka fuwele halisi, na fuwele hizo zimewahi kukutwa ndani ya lenzi ya mtoto mdogo.

Kuhusu vidoa vyako vya samawati, mfano unaojulikana ni wa jeni ya beta B2, kwenye kromosomu ya 22. Karibu yake kuna jeni iliyokufa, inayofanana nayo sana lakini isiyofanya kazi; mara nyingine, mbegu za uzazi zinapotengenezwa, kipande cha jeni mfu hunakiliwa ndani ya iliyo hai, na protini hukatika ikiwa imepungukiwa asidi amino 51 za mwisho. Kosa hilohilo limeonekana katika koo mbalimbali, likaleta vidoa vya samawati kwa wengine na ukungu wa kati ya lenzi kwa wengine. Tofauti yako na mama yako, basi, si ushahidi kwamba mna magonjwa mawili. Hata hivyo, mimi singeitaja jeni hiyo kuwa yenu kwa kutazama rangi tu. Zipo koo ambazo kristalini zao hazina dosari yoyote, na kosa liko kwenye protini zinazounganisha seli za lenzi. Ugonjwa wa namna hiyo ulionekana mwaka 1963, huko Uingereza, ukirithiwa pamoja na kundi la damu la Duffy (lile ambalo watu wengi wa kwetu hawana, na kwa kukosa huko wanakingwa kwa kiasi kikubwa na aina ya malaria iitwayo vivax). Mwaka 1968 jeni ya Duffy ikajulikana kuwa kwenye kromosomu ya 1, na jeni yenyewe ya mtoto wa jicho ikabainika 1998. Kwa hiyo kipimo cha DNA kichukuliwe kwako, kwa mama yako na kwa mtoto kwa pamoja, kwa sababu badiliko linalotafutwa lazima liwe kwenu nyote watatu.

Kwa kila ujauzito, uwezekano wa mtoto kurithi ni nusu kwa nusu, na matokeo ya mtoto wa kwanza hayabadilishi ya wa pili. Ndugu zako nao wakaguliwe lenzi kwa darubini yenye mwale mwembamba wa taa, mboni zikiwa zimepanuliwa, kwani vidoa kama vyako vinaweza kukaa miaka mingi bila mwenyewe kujua.

La haraka ni binti yako. Ubongo wake unajifunza kuona sasa hivi, na ukungu mzito wa macho yote mawili hutakiwa kuondolewa katika kipindi cha wiki nane za kwanza, la sivyo jicho lililosafishwa baadaye litapokea mwanga ambao ubongo haujui kuutumia. Ukungu ukiwa mwepesi, mtoto anaweza kufuatiliwa tu. Mpeleke wiki hii kwa daktari wa macho wa watoto, ambaye pia atachunguza nyuma ya lenzi ili kuondoa shaka ya saratani ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kwa kuwa nao huleta weupe kwenye mboni. Hakuna dawa ya matone iliyothibitishwa kuirudishia lenzi ya mtu uangavu wake, hata ikiuzwa kwa jina zuri kiasi gani, na wiki moja ya kuijaribu ni wiki ambayo binti yako hana ya kupoteza.