Usiiuze Premio kwa khofu ya Ford

Ndugu yangu wa Wete, unauliza kama uiuze Toyota Premio yako ununue gari la juu, kwa kuwa umesikia Ford imeacha gari ndogo. Ulichosikia ni kweli: mwaka 2018 Ford ilitangaza kuacha gari ndogo kama Fusion na Fiesta katika soko la Marekani, ikabaki na Mustang, pikapu na gari za juu (SUV), kwani ndiko faida iliko. Hayo hayaigusi Premio yako. Toyota nayo iliacha kuitengeneza 2021, lakini injini yako hiyo ya 1NZ ndiyo iliyomo pia kwenye IST, Toyota nyengine ndogo, kwa hiyo spea hazitakusumbua.

Kama njia ya kwenu ina mawe, gari la juu lina maana, ila piga hesabu ya mafuta kwanza. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kutu. Inua mazulia, ugonge sakafu kwa bisibisi, hasa chini ya miguu ya dereva. Bati likimeguka, hapo kweli tafuta nyengine.